Visanduku Tulivyovika Sanda

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba udongo kabla yetu, akatutoa humo, akatulisha kwa huo huo, na humo atatulaza. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaliona tundu la sindano nikikaa juani, na kwa dada yangu ambaye bado huniitikia nikibisha hodi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetuonya kwamba ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Onyo hilo nimelisomesha watoto miaka mingi. Sasa naandika kwa sababu nililivunja mwenyewe, mchana kweupe, kwa kalamu ya mtu mwingine.

Mimi ni fundi nguo wa Rwezamenyo, hapa Kigali. Nimeshona kanzu, sare za shule na suti za maharusi, na alasiri nilikuwa nafundisha Kurani, kwa hiyo mtaani hakuna anayeniita ila Mwalimu. Babu yetu alifika mji huu na wafanyabiashara wa pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Dada yangu, ambaye ni mjane, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Nyuma ya nyumba yake kuna bustani ya mboga, ndogo tu, ukitandika mikeka sita umeimaliza. Humo alikuwa anapanda dodo, majani ambayo watu wa pwani huyaita mchicha, na nyanya chungu, na vitunguu vya majani. Kila Ramadhani, mboga ya futari ya wajane wanne wa mtaa wetu, na yangu mimi, ilitoka kwenye mikeka ile sita.

Siku moja dada aliniuliza: "Kaka, udongo wangu ni mzima au si mzima?" Jibu lake sina mpaka leo. Nitaeleza kwa nini.

Visanduku vilikuja katika maboksi meupe mazuri kiasi kwamba watu waliyatunza maboksi yenyewe. Shirika moja lilikuwa limechagua nyumba thelathini na moja za wazee kwenye mteremko wetu, ili kujaribu vyombo vya nyumbani vinavyotumia mtandao. Kila nyumba ilipewa waifai, taa mbili zinazojizima zenyewe mtu akitoka chumbani, plagi inayotii simu, na kisanduku cha mviringo, ukubwa wa kikombe cha uji, kinachosema. Walituambia lengo ni kupunguza umeme na kuyalinda mazingira. Sisi taa tulizipokea kwa adabu. Tulichokipenda ni kisanduku.

Kiliweza kuadhini, ndiyo sababu. Vipaza sauti vya misikiti vilikuwa vimetulizwa kwa amri ya kupunguza kelele, na mtu mwenye magoti kama yangu, anayekaa chini ya mteremko, adhana ilikuwa haimfikii tena. Mara kisanduku kinaadhini juu ya meza, karibu na bakuli la sukari. Ukikiomba sura, kinakusomea. Tulikiita muadhini wa ndani. Jirani yetu mmoja, mama muuza maandazi, alikuja kunitania.

"Mwalimu, huyu muadhini iko mzuri kukushinda wewe."

"Kwa nini?"

"Yeye hakohoi."

Nilicheka, kwa maana ni kweli nilikuwa nakohoa. Kisha kuna alasiri moja ya mvua ambayo naikumbuka kuliko nyingine zote. Umeme ulikatika mtaa mzima. Friji ya duka la jirani ilinyamaza, redio zilinyamaza. Tulikuwa tumekaa barazani kwa dada, wanawake watatu na mimi, tunangoja mvua ipungue. Wakati wa alasiri ulipofika, kisanduku kikaadhini kutoka ndani ya nyumba yenye giza, sauti ile ile, bila kukosea. Wote tukasema mashaallah. Dada, ambaye hajasoma shule bali ana akili ya mtu anayelima, akanigeukia.

"Kaka, kama umeme hakuna, kinakula nini?"

"Baraka," nikamjibu.

Walicheka wote, nami nikajiona nimesema neno. Mwenyezi Mungu aliniwekea jibu masikioni siku ile, nikalifanya mzaha.

Mwanamke aliyetumwa na shirika kufanya tathmini ya mazingira alikuwa Mkristo wa makamo, amezaliwa na kukulia Tanzania, wazazi wake wakamleta huku akiwa mkubwa. Nilimjua kwa salamu. Alifika mlangoni akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekulia Tanzania wewe."

"Umejuaje, mzee wangu? Sijasema hata sentensi moja."

"Hapa wangeninyooshea mkono kwanza. Wewe umeniamkia kama mtu aliyechapwa na bibi yake."

"Nilichapwa kweli," akasema, akavua viatu.

Nilimpenda, na sisemi hivyo kwa kejeli. Alikuwa mwenye bidii. Alikuja kila mwezi na kimita kidogo cha kuchomeka ukutani, akapima kila taa, kila plagi, kila kisanduku, akaandika kwenye tableti yake. Aliwauliza wanawake wanatumia makaa kiasi gani, wanazima taa lini, wamenunua simu mpya kwa ajili ya vyombo hivi au la. Mimi nimepima watu maisha yangu yote. Nafahamu mkono wa mtu anayepima vizuri, na wake ulikuwa mzuri. Ndipo siku moja nikamuuliza swali la fundi.

"Binti, unapima kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Kuanzia kwenye soketi mpaka kwenye chombo, mzee."

"Na kabla ya soketi? Madini yaliyomo, kiwanda, meli iliyokileta?"

"Hayo kiwanda kimeyaandika chenyewe. Sisi tunayapokea yalivyo."

"Na kule kunakojibu? Maana nikikiuliza saa, kuna mahali kinakwenda kuuliza."

Alitabasamu. "Umeelewa kuliko bosi wangu. Kuna mashine kubwa mbali huko zinazojibu, na zinakula umeme mwingi. Lakini haziko Kigali, kwa hiyo haziko kwenye fomu yangu."

"Na kikifa?"

"Hilo ni la ziara ya mwisho."

Nikamwambia kwamba mshonaji anayepima kifua akaacha makwapa, kanzu yake hupasuka siku ya Idi, mbele za watu. Alicheka akasema ataniweka kwenye ripoti. Badala yake akaniweka kuwa msemaji wa nyumba zote thelathini na moja, kwa kuwa naandika Kiswahili na Kifaransa, na kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, watu wananiamini. Nilikubali na nikafurahi. Uzee una njaa zake, na kuheshimiwa ni mojawapo.

Visanduku viliishi mwaka mmoja na miezi michache. Ijumaa moja adhuhuri haikuadhiniwa katika nyumba yoyote. Ukikisemesha, kilijibu kwa Kiingereza, sentensi moja ile ile, kama mtu anayeomba radhi bila kukutazama. Plagi nazo zikakataa amri. Taa zikarudi kuwa taa za kawaida za kuwasha na kuzima ukutani. Nikampigia simu mtathmini. Akanieleza: kampuni iliyovitengeneza ilikuwa imenunuliwa na kampuni nyingine, na ile nyingine ilizizima mashine za mbali ambazo visanduku vilikuwa vinaziuliza kila kitu, hata nyakati za sala za siku nzima, kila asubuhi.

"Basi fundi atavitengeneza," nikasema.

"Havijaharibika, mzee. Vimeachwa tu."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Cherehani yangu ni ya marehemu baba yangu. Imevunjika mara nyingi nisizoweza kuzihesabu na kila mara nimeifufua kwa mafuta, waya na subira. Sikuwahi kusikia kitu kizima, kisicho na mkwaruzo, kimekufa kwa sababu mtu asiyekijua ameamua hivyo huko nchi za mbali. Tulingoja. Watu waliviacha vimechomekwa ukutani miezi miwili, mitatu, wakidhani labda Ramadhani ikifika vitaamka.

Havikuamka. Wakaanza kuja kwangu.

Wa kwanza alikuwa mama muuza maandazi, amekibeba chake ndani ya kitambaa cha jikoni. "Mwalimu, hii kitu iko kimya, na kwangu hakuna nafasi. Lakini gari ya taka inachukua maganda ya ndizi na nepi za watoto. Kurani ilikuwa humu. Nitaitupaje?"

Wasiokuwa wa dini yetu watauliza tatizo lilikuwa nini. Sisi, msahafu ukichakaa, juzuu ikipasuka, hatuitupi jalalani. Tunaizika mahali safi pasipokanyagwa, ili maneno ya Mola yasiguse uchafu. Nimezika juzuu nyingi za watoto wa madrasa zilizoliwa na panya. Kwa hiyo mama yule aliponiuliza, jibu lilinitoka mdomoni kabla sijafikiri, kwa sababu nililijua. Hukumu ya karatasi nilikuwa nayo. Kisanduku sikukijua, nikakipima kwa futi ile ile.

"Kizikwe," nikasema. "Kama msahafu."

Habari ikaenea kwa siku mbili, maana ilikuwa imewapa watu nafuu kubwa. Nilichukua mabaki ya kitambaa cheupe cha kanzu niliyokuwa nimeyaweka miaka, nikashona vifuko thelathini na kimoja, kila kimoja na kamba yake. Dada alitoa kona ya bustani yake, pale ukutani ambapo udongo ni laini, pasipopitwa na mbwa wala watu. Sikumlazimisha. Aling'oa dodo changa mwenyewe ili kutupisha.

Siku ya kuzika tulikuwa wengi baada ya sala ya adhuhuri. Muuza maandazi akauliza, "Mwalimu, tunasali jeneza?"

"Astaghfirullahi. Usinichekeshe, nina jembe mkononi."

"Basi tutawapa tanzia huko mtandaoni."

Dada naye akatazama lile shimo refu, na mistari ya vifuko vyeupe ndani yake. "Kaka, havitaota?"

"Vikiota nitakushonea gauni."

Nilisoma dua fupi, nikawaeleza kwamba hatuziki maiti, tunaheshimu maneno yaliyopita humo. Tukafukia. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Hii ni nchi ambayo mtu akiingia na mfuko wa plastiki mpakani ananyang'anywa, na sisi sote tunajivunia jambo hilo, mimi nikiwa wa kwanza. Nami nilikuwa nimetoka kuzika plastiki thelathini na moja katika bustani ya chakula, nikiwa na udhu.

Mtathmini alikuja kwa ziara ya mwisho majuma mawili baadaye. Tuliketi barazani kwangu. Ukurasa wa mwisho wa fomu yake ulikuwa na maswali machache. Akauliza vyombo vilivyokufa vimekwenda wapi. Nikamweleza yote: vifuko, kamba, kona safi, dua. Nilimwona macho yanamlegea kwa huruma.

"Mzee wangu, sijawahi kusikia kitu kizuri hivi katika kazi hii."

Kisha akateremsha kidole kwenye tableti. "Betri mlizitoa kwanza?"

Hapa ndipo nataka msomaji aniangalie vizuri. Ningeweza kusema sijui. Neno hilo nimewafundisha watoto kwamba ni nusu ya elimu. Lakini nilikuwa nimesifiwa sasa hivi, na sikutaka kuonekana mzee asiyejua.

"Hakina betri," nikasema. "Kinachomekwa ukutani."

"Una hakika?"

"Nimeishi nacho mwaka mzima."

Alinitazama. Naamini alikuwa na shaka. Angeweza kwenda nyumba ya pili, akaazima jembe, akafukua kifuko kimoja. Lakini fomu ilikuwa inangoja, na kuifunga ilikuwa rahisi kwetu sote wawili. Akaandika. Nikamuuliza ameandika nini, akanisomea: vyombo havikutupwa ovyo, viliondolewa na jamii kwa njia ya heshima, hakuna betri, hakuna madhara yaliyobaki. Akanipa kalamu ya kuandikia juu ya kioo, nikatia sahihi yangu kama shahidi wa nyumba thelathini na moja. Kwa heshima ya umri wangu alinishikia tableti kwa mikono miwili.

Mvua za masika zilikuja kubwa. Zilipopungua, dada aliniita akanionyesha dodo zake. Upande wa ukuta, juu ya shimo na mteremko kidogo chini yake, zilikuwa zimekuwa za njano na fupi. Nikasema ni mvua, maji yametuama. Akasema, "Bustani hii naijua. Maji hayatuami hapa." Nikasema basi ni wadudu. Aliitikia "haya" kwa namna ambayo wanawake wa kwetu wanaitikia wakikusamehe upumbavu wako kwa muda.

Alilima upande ule asubuhi moja, nikiwa dukani nakata kitambaa. Hakumtuma mtoto wa jirani aniite. Alikuja mwenyewe, anatembea haraka, mkono wa kulia ameuzamisha kwenye jagi la maji.

"Kaka, wafu wako wamefufuka."

Jembe lilikuwa limepiga kifuko. Kitambaa kilikuwa kimeoza, na ndani yake kitu kilikuwa kimevimba. Jembe lilipokipasua, kilitoa sauti kama mafuta ya moto yanapodondokewa na maji, kikatoa moshi wenye harufu ya kukaba, na yeye akainama kukiokota akitupe mbali, kwa sababu aliona kinaunguza miche. Kiganja chake kilibabuka kuanzia dole gumba mpaka kifundo cha mkono. Tulikwenda zahanati. Muuguzi akauliza kilichomuunguza ni nini. Dada akaniangalia, akanipisha nijibu mimi. Nikasema, "Sijui." Siku hiyo lilitoka kwa urahisi.

Nilichukua kile kilichobaki, nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mchanga, nikakipeleka Gikondo kwa fundi mmoja anayetengeneza simu na redio za magari. Alikigeuza kwa koleo mara moja tu.

"Muzehe, umetoa hii wapi?"

"Nilikuwa nimeizika."

"Umezika?" Akawaita wenzake wa vibanda vya karibu. "Njooni muone. Muzehe amezika betri!" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akanionyesha: pakiti bapa ya rangi ya fedha, iliyopasuka tumboni. "Hii ndiyo inakifanya kiendelee kuongea umeme ukikatika. Haitaki maji, haitaki jembe. Haiozi. Inavuja polepole, na ukiitoboa inawaka."

"Umeme ukikatika," nikarudia.

"Ndiyo, muzehe. Hukuona siku umeme umekatika?"

Niliona. Niliona, na niliulizwa, na nikajibu baraka.

Nilimwuliza kama imeharibu udongo. Akasema yeye ni fundi simu. Niulize watu wanaopima udongo.

Basi nilikwenda kwa mtu pekee niliyemjua ambaye kazi yake ni kupima. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu. Aliniamkia, akanivutia kiti, akaagiza chai. Niliweka kopo la maziwa mezani, nikamweleza mkono wa dada, na pakiti ya fedha, na uongo wangu. Nilisema neno hilo: uongo. Nikamwomba mambo mawili. Kwanza, afute sahihi yangu. Pili, aje mtu apime udongo wa dada yangu, tujue kama unaliwa au hauliwi.

Alifunika uso kwa mikono muda kidogo. Kisha akasema ripoti imekwisha kupokelewa. Kwa sababu ya ripoti ile, mradi umepewa kibali cha kwenda kwenye nyumba nyingine nyingi, kilima cha pili, na visanduku vipya.

"Visanduku vipya vina betri?"

Akanisogezea kikombe cha chai.

"Na udongo?"

"Mzee wangu, mpaka wa tathmini yetu ni ukuta wa nyumba. Bustani iko nje ya ukuta. Hatuna fungu la kupima nje ya ukuta."

"Mlipoandika hakuna madhara, mliandika ndani ya ukuta au nje?"

"Mzee..."

"Nakuuliza kwa upole, binti."

"Tuliandika kwa sababu wewe ulisema," akajibu, na machozi yakamtoka. Alikuwa amesema kweli. Nilikunywa chai yake kwa sababu kuikataa kungekuwa kumpiga. Akaniahidi ataandika barua kwa wakubwa wake. Naamini aliiandika. Nimengoja jibu lake kwa msimu mzima wa mvua na kiangazi chake, na subira ni ibada, lakini nakiri subira hii ina ladha ya shubiri.

Nilirudi nikafukua. Nilikataa kusaidiwa. Nilichimba kwa mikono na kijiko cha mwashi, siku nne, kwa sababu jembe sasa nililiogopa. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimevimba, vitambaa vyeupe vimekuwa rangi ya chai. Nilivipanga kwenye beseni la mchanga kama fundi wa Gikondo alivyonielekeza, na tukavipeleka mahali wanapopokea vyombo vya umeme vilivyokufa. Nako hakukuwa mbali. Pahala hapo pamekuwapo siku zote, na hakuna aliyetuambia, na mimi msemaji sikuwahi kuuliza. Mpokeaji akahesabu: ishirini na nane. Na kile cha kwanza, ishirini na tisa. Viwili sikuviona. Nimechimba mpaka msingi wa ukuta. Mvua iliviteremsha, au jembe liliwahi kuvihamisha, Mungu ndiye ajuaye. Vipo humo.

Dada alisimama mlangoni kwake, mkono umefungwa bandeji, akaniuliza lile swali. Udongo wangu ni mzima au si mzima? Nikamwambia sijui. Akasema, "Ahsante kwa kunijibu ukweli." Kesho yake aling'oa dodo zote, hata zile za kijani upande wa pili ambazo pengine hazikuwa na kosa, akaomba mawe kwa jirani aliyekuwa anajenga, akayatandaza bustani yote.

Ramadhani iliyofuata, wajane wanne walifuturu kwa dodo zilizonunuliwa soko la Nyabugogo. Zilikuwa nzuri. Mmoja wao alisema zina mchanga. Dada akacheka akasema, "Angalau ni mchanga."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kama ilivyo nchi nzima, tulifanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mitaro. Kazi ilipokwisha, watu wakakaa kwa mkutano, na kiongozi akauliza nani ana la kusema. Nikasimama. Nikasema kwamba mimi, Mwalimu, nilishuhudia kwa niaba yao jambo nisilolijua, kwamba hukumu niliyowapa ya kuzika ilikuwa kosa langu wala si hukumu ya dini, kwamba anayeishi kilima cha pili na atakayeletewa kisanduku aulize kina betri au hakina, na kikifa akipeleke panapopokelewa, na kwamba naiondoa sahihi yangu mbele yao kwa kuwa ofisini haiondoki.

Kisha mama muuza maandazi akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, na zile kanzu ulizotushonea, nazo tuzirudishe?"

Watu walicheka, nami nikacheka kidogo. Dada hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni kwenye jiwe, anakikunja na kukikunjua kiganja chake chenye kovu, kama daktari alivyomwagiza. Tulipotoka alitembea nami mpaka mlangoni kwake, akaniambia niingie ninywe uji. Tulikaa tukitazama mawe. Kati ya mawe mawili karibu na ukuta mche mmoja wa dodo ulikuwa umejiotea, wa kijani, umesimama wima. Akaniona nautazama.

"Usiniulize," akasema. "Na mimi sijui."

Akainama, akaung'oa kwa mkono wa kushoto.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe chakula kitokacho kwenye udongo unaoujua. Akujaalie ulimi mwepesi wa kusema sijui kabla hujashikishwa kalamu, na jirani atakayekuuliza kinakula nini, na moyo wa kumsikiliza. Akulinde mkono wako na mkono wa umpendaye. Na mimi uniombee, nikutane na Mola wangu siku ile mizani yake itakapowekwa, ambayo haina ndani ya ukuta wala nje ya ukuta, nikiwa nimesamehewa na dada yangu. Amina.